Kanda la Usufi

Lugha yetu ilifanya jambo la busara ilipolipa gari la vita la minyororo jina la kifaru. Waingereza waliliita tangi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, jina la kuwahadaa maadui, ili atakayelisikia adhani linalozungumzwa ni tangi la maji. Sisi tuliangalia kitu chenyewe: ngozi nene, pembe mbele, mwili mzito, na tabia ya kwenda moja kwa moja bila ya kuuliza njia. Ndani ya neno letu umo uzito. Hakuna Mswahili anayesikia neno kifaru akafikiria kitu chepesi.

Uzito huo ndio ninaotaka kuuzungumzia hapa, kwa sababu ipo pahala umepotea. Umepotea ndani ya gemu. Gemu lenyewe ni World of Tanks, kazi ya kampuni ya Wargaming iliyoanzishwa mjini Minsk, Belarus, mwaka 1998. Lilitoka mwaka 2010 kwa wenye kompyuta, na mwaka 2014 likatolewa la simu kwa jina la World of Tanks Blitz. La simu ndilo lililotufikia sisi huku Matemwe. Baada ya sala ya Alasiri vijana hukaa barazani, kila mmoja na simu yake na bando lake, na utawasikia wakiyataja majina ya vifaru vya Kirusi na vya Kiingereza kwa ufasaha uleule ambao wazee wao walizitaja nyota za kusafiria.

Msomaji anaweza kuuliza mtu mzima anatafuta nini kwenye mchezo wa simu. Jawabu langu ni kwamba tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, tukitenganisha fani na maudhui, na tunafanya hivyo kwa sababu tunaamini kazi hizo zinamfundisha mtu namna ya kuuona ulimwengu. Ikiwa kijana anasoma riwaya moja kwa mwaka, tena kwa amri ya skuli, na anacheza gemu kila siku kwa hiari yake, basi mhakiki anayelipita gemu amelipita lile linalofundisha zaidi. Mimi nitalichukua kama ningalivyochukua kitabu cha tarehe, kwa sababu lenyewe linajinadi kwa tarehe. Na nitashika aina moja tu ya vifaru vyake, vifaru vizito vilivyoundwa mara baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwani hivyo ndivyo vinavyopendwa zaidi na vijana wetu na ndivyo ambavyo habari yake ya kweli iko mbali zaidi na ile ya kwenye kioo cha simu.

Tuanze na habari ya kweli. Vita vya Ulaya vilipokwisha, Urusi ya Kisovieti ilikuwa na kifaru kizito kipya, IS-3, kilichopewa herufi za jina la Iosif Stalin. Hakikuwahi mapambano ya Ulaya. Siku yake ilikuwa tarehe 7 Septemba 1945, katika gwaride la ushindi mjini Berlin, mbele ya majenerali wa Urusi, Marekani, Uingereza na Ufaransa. Vifaru 52 vya aina hiyo vilipita. Wageni waliona kichwa cha mviringo kama bakuli lililofudikizwa, na mbele mabamba mawili ya chuma yaliyokutana kwa ncha mithili ya omo la chombo, ili kombora likigonga liteleze badala ya kupenya. Mzinga wake ulikuwa wa milimita 122, na uzito wake tani 46 hivi.

Gwaride lile lilifanya kazi kubwa kuliko vita. Wakubwa wa majeshi ya Magharibi waliondoka na hofu, na hofu ile ikazaa vifaru viwili: M103 cha Marekani na Conqueror cha Uingereza. Ambacho hawakukiona pale barabarani ni kwamba viungo vya mabamba ya IS-3 vilikuwa vikipasuka, na injini ikilegea mahali ilipofungwa. Warusi walitumia miaka kadhaa kukirekebisha kifaru ambacho dunia nzima ilikuwa imekwisha kukiogopa.

Waingereza nao walichukua muda mrefu. Walianza na mpango wa kifaru kimoja cha kufanya kazi zote, wakauacha njiani. Mwili waliokuwa wameuunda wakauvika kichwa cha kifaru kingine, Centurion, wakapata gari la kujifunzia walilolipa jina la Caernarvon. Mwaka 1955 ndipo Conqueror chenyewe kilipoanza kutoka kiwandani. Kilikuwa na mzinga wa milimita 120 na injini ya petroli ya ukoo mmoja na injini ya ndege za kivita za Kiingereza, na kilikuwa na uzito wa tani 65 hivi. Makombora yake yalikuwa mazito hata ikabidi yatenganishwe vipande viwili, kombora mbali na baruti yake mbali, na askari mmoja avitie kimoja baada ya kingine ndani ya chumba kisichomtosha kujinyoosha. Idadi ya vilivyoundwa haikufika 200. Vilipelekwa Ujerumani Magharibi kuwasubiri Warusi ambao hawakuja, na mwaka 1966 vikaondolewa kazini bila ya kupiga hata kombora moja vitani.

Kwa nini viliondolewa mapema hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba mzinga mpya wa milimita 105 uliweza kufungwa kwenye Centurion, kifaru chepesi zaidi, ukafanya kazi ileile. Sababu ya pili ni uzito. Katika miaka ile ya Vita Baridi, madaraja ya Ujerumani Magharibi yalibandikwa vibao vya duara vya rangi ya manjano, na juu yake nambari ya kuwaonesha madereva wa majeshi ni mzigo gani daraja litauhimili. Kibao kile hakiangalii unene wa chuma wala ukubwa wa mzinga. Kinasema pita au usipite. Kamanda wa kifaru kizito kuliko vyote ndiye aliyekuwa na njia chache kuliko wote.

Warusi waliujua ukweli huu hata kabla ya Waingereza. Mwaka 1948 walikuwa wakikifanyia majaribio kifaru kiitwacho IS-7, ambacho kwa maandishi hakikuwa na mfano: tani 68, mzinga wa milimita 130, injini ya nguvu za farasi 1,050, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Hakikuingia jeshini. Mwezi wa Februari 1949 serikali yao ilikata shauri kwamba kazi ya kuunda vifaru vizito vinavyozidi tani 50 ikome. Kifaru hakisafiri kwa miguu yake safari nzima. Hupakiwa kwenye behewa la reli, huvushwa mito, hupita juu ya madaraja yaliyojengwa kwa ajili ya magari ya mkaa na mikokoteni ya viazi. IS-7 kimoja kimewekwa kwenye makumbusho ya Kubinka, karibu na Moscow, na watu huenda kukitazama.

Na wakati wazito hawa wakishindana kwa tani, nyuma yao kilikuja kifaru cha wastani, T-54 cha Kirusi, chenye tani 36 tu na mzinga wa milimita 100. Wachina wakapewa ujuzi wake na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kukiunda wenyewe kwa jina la Type 59. Vifaru vya ukoo huo ndivyo vilivyoenea duniani kuliko vingine vyote. Naomba msomaji aliweke jina la Type 59 pembeni. Tutakutana nalo tena karibu zaidi na kwetu.

Sasa tuliangalie gemu. Kwa upande wa fani, sina budi kulisifu. Watengenezaji wake wamefanya utafiti wa kweli. Wamepima vifaru vilivyo makumbushoni, wamepekua michoro ya viwandani, na wameshirikiana na makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza. Umbo la IS-3 ndani ya simu ni umbo la IS-3. Bamba la mshazari linafanya kazi ya bamba la mshazari: kombora likija kwa pembe mbaya linateleza, na mchezaji anajifunza mwenyewe, bila ya mwalimu wa hisabati, kwamba chuma kilicholala ni kinene kuliko chuma kilichosimama. Nimewafundisha watoto jometri kwa miaka mingi kwa chaki na ubao, na sikupata kuwaona wakiishughulikia pembe kwa hamu ya namna ile.

Uzito nao, kwa haki, haukuachwa wote. Kifaru kizito ndani ya gemu kinaondoka taratibu, kinapanda kilima kwa shida, kinazama mwendo kwenye ardhi laini, na kikimgonga kifaru mwepesi humwumiza. Kwa hivyo mtu asije akasema nimewasingizia. Uzito upo. Ila upo kama sifa ya mnyama, haupo kama mzigo wa mtu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uhakiki wangu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwona mwenzio amejitwika, kwako wewe ule ni mfuko wa sufi tu. Ndani ya gemu kila tani ni kanda la usufi, kwa sababu hakuna aliyejitwika. Kifaru kinazaliwa uwanjani kimejaa mafuta. Hakuna aliyeyaleta mafuta yale. Hakuna behewa, hakuna tishari, hakuna kibao cha manjano. Viwanja vya gemu vina madaraja mengi na mazuri, na sijaona hata moja likikatika kwa sababu kifaru cha tani 68 kimepita juu yake. Mnyororo ukikatika, mchezaji anabonyeza alama na unajiunga. Askari aliyejeruhiwa ndani anapona kwa kubonyezwa vilevile. Pambano la kwenye simu linakwisha ndani ya dakika saba, na kifaru kilichoungua kinarudi ghalani kikisubiri mchezo mwengine.

Ndiyo maana IS-7, kifaru ambacho wenyewe walikikataa, ndani ya gemu kiko daraja ya juu kabisa, kila mtu anakitamani. Kilichokiua hakimo. Conqueror nacho kimepewa hadhi ambayo hakikuipata hata siku moja Ujerumani. Zaidi ya hayo, gemu la kompyuta lina kifaru kiitwacho Super Conqueror, kilichovikwa mabamba ya ziada, mfalme wa kujificha nyuma ya kilima na kuonesha kichwa tu. Kifaru hicho kilikuwapo kweli. Waingereza walichukua Conqueror, wakakiongezea mabamba, wakakiweka wakipige makombora wao wenyewe ili wapime mabamba yale. Kilikuwa shabaha. Gemu limekichukua kilichowekwa ili kipigwe, likakifanya bingwa wa kupiga.

Hapa mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenionesha yote haya kwa subira, alinitolea hoja ambayo lazima nijibu, kwani ni hoja nzuri.

"Lakini mjomba," alisema, "bao nalo mbona hulihakiki? Kwenye bao mnakula kete, mnateka nyumba, na hakuna anayelia. Mchezo ni mchezo."

Kwa hakika bao ni vita. Kete 64, thelathini na mbili kila upande, na ndani yake mna kuvizia, kuteka na kumaliza. Nami napenda bao. Lakini bao halijamwambia mtu hata siku moja kwamba nyumba ile ni nyumba ya fulani, iliyojengwa mwaka fulani, kwa mawe ya mahali fulani. Kete ni komwe. Haidai kuwa kitu chengine, na kwa sababu haidai, haimdanganyi mtu. Tena wachezaji wawili wa bao huanza sawa, na mwenye pesa hawezi kununua kete ya thelathini na tatu. Gemu hili linauza kwa jina la ukweli. Limeandika tani, milimita na mwaka wa kila kifaru, na kijana anayekariri nambari zile anaamini ameijua tarehe ya vita. Mwenye kudai ukweli ndiye anayeulizwa ukweli. Ndiyo kanuni tuliyoitumia sikuzote kwa riwaya za kihistoria, na sioni kwa nini simu isamehewe.

Mpwa wangu alikubali nusu. Akasema, hata hivyo, mambo ya madaraja na mafuta yangelifanya gemu lichoshe. Inawezekana. Lakini kwetu sisi Watanzania daraja halichoshi, kwa sababu vita vikubwa vya mwisho tulivyopigana vilianza na daraja.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera kutoka Uganda. Tarehe 3 Novemba wavamizi waliliangusha daraja la Kyaka, na kwa siku zile mto Kagera ukawa ndio mpaka. Jeshi letu, JWTZ, lilikuwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, wale jamaa wa T-54, pamoja na vifaru vyepesi vya Type 62. Lakini nchi iliyokuwa inavihitaji ilikuwa ng'ambo ya maji, na kabla ya maji kulikuwa na mamia ya kilomita za reli na barabara za matope, katika msimu wa mvua za mwisho wa mwaka. Serikali ilikusanya malori na mabasi ya watu na mashirika. Mafundi wa jeshi wakaweka daraja la muda. Ndipo majeshi yakavuka, Mutukula ikachukuliwa Januari 1979, na Masaka mwezi uliofuata.

Mwezi wa Machi mapigano yalikuwa Lukaya, kwenye barabara ya Kampala. Barabara pale imeinuliwa juu ya kinamasi, maji na matete kila upande. Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, walileta vifaru vya T-55, ambavyo ni wadogo zake T-54. Kwa hiyo vifaru vya pande zote mbili vilikuwa ndugu wa tumbo moja, vimeletwa Afrika kwa njia mbili na kukutanishwa kinamasini. Mahali kama pale kifaru hakina kulia wala kushoto. Kina mbele na nyuma, juu ya tuta la barabara, na kila mtu anajua kitapita wapi. Usiku ule wa tarehe 10 kuamkia tarehe 11 Machi, kilichowasaidia Watanzania ni kikosi kilichozunguka kwa miguu na kuwatokea Walibya kwa nyuma. Jeshi lililoingia Kampala mwezi wa Aprili lilikuwa, kwa sehemu kubwa, jeshi lililotembea.

Mzee mmoja wa hapa kwetu alikuwamo jeshini wakati ule. Hazungumzi sana juu ya mapigano. Akiulizwa habari za vifaru, anazungumza juu ya mafuta, juu ya minyororo iliyovuka, na juu ya watu waliolala chini ya gari usiku kucha mikono imejaa grisi ili gari liondoke asubuhi. Kwake yeye kifaru ni kitu cha kuuguzwa. Nilimwonesha simu ya mpwa wangu. Alitazama kwa muda, akauliza mafundi wako wapi, akarudisha simu.

Sasa nifikirie Conqueror, fahari ya gemu, kimefika Kyaka siku ile. Tani 65, ukingoni mwa mto, daraja limeanguka. Ningependa kumjua ambaye angelikivusha. Kifaru cha tani 36 kilipata daraja la muda na kikafika vitani. Kingine, kwa wema wake wote, kingelibaki upande wa Bukoba kikilinda migomba. Hapo ndipo unapoiona hekima ya ule uamuzi wa Warusi wa mwaka 1949, na hapo ndipo unapoona gemu lilipokosea. Halikukosea milimita. Limekosea kudhani kwamba nguvu ni kitu kinachokaa ndani ya kifaru. Nguvu inakaa kwenye daraja, kwenye reli, kwenye pipa la mafuta, na kwenye mgongo wa mtu anayelisukuma pipa hilo.

Type 59 kimo ndani ya gemu. Nilikitafuta kwa hamu, nikidhani huenda Kagera itatajwa. Haitajwi. Humo ndani Type 59 kina sifa nyingine: ni kifaru cha kununuliwa kwa pesa halisi, kinachomwingizia mwenyewe fedha za gemu nyingi kuliko vifaru vya kawaida. Kilipoanza kuuzwa mwaka 2011 kilipendwa hata viwanja vikajaa Type 59 kila upande, na mwaka 2012 kampuni ikakiondoa dukani. Tangu hapo kimekuwa kikirejeshwa kwa msimu. Kwa hivyo kifaru kile kimekuwa mtaji. Mtu hukinunua ili apate faida.

Sisi kifaru kilekile hakikutuletea faida. Vita vya Kagera viliigharimu Tanzania kiasi cha dola milioni 500 za Kimarekani, kwa makadirio yanayotajwa sana, na ilikuwa nchi isiyokuwa nazo. Baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipokwisha mikanda haikufunguliwa. Wenye umri wangu wanazikumbuka foleni, wanakumbuka sabuni iliyokatwa vipande, na sukari iliyouzwa kwa kujuana. Vita havikuwa sababu pekee. Mafuta yalipanda bei duniani, na mambo mengine yalikuwa ya kujitakia. Lakini sehemu ya uzito wa vifaru vile ilishuka mpaka kwenye mabega ya watu ambao hawakupata kukiona kifaru ila katika gwaride la Mapinduzi. Na wapo walioubeba zaidi ya hapo, wale waliolala kwenye makaburi ya Kaboya, mkoani Kagera. Hao hawakubonyezwa wakapona.

Sisemi watoto wanyang'anywe simu. Anayewanyang'anya watoto mchezo huupa mchezo utamu ambao haukuwa nao. Wala sisemi gemu hili ni baya kuliko filamu za vita tulizozitazama sisi ujanani, ambazo nazo zilikuwa na risasi zisizokwisha. Kwa fani yake ni kazi ya watu hodari, na kijana aliyejifunza humo kwamba bamba la mshazari ni nene kuliko la wima amejifunza kweli. Ninachosema ni kwamba amesoma nusu ya kitabu, na hakuna aliyemwambia kuwa ni nusu.

Nusu ya pili tunaweza kumwambia sisi wenyewe, tena kwa mifano iliyo mlangoni. Matemwe ni kijiji cha mizigo. Mama zetu wanaolima mwani wanajua kwamba gunia la mwani mbichi na gunia la mwani mkavu ni vitu viwili, na kwamba anayeuchukua mbichi kutoka majini huuhesabu kwa hatua, siyo kwa kilo. Wavuvi wetu wanajua kwamba ngalawa ilichongwa nyembamba kwa makusudi. Mwamba uko palepale kila siku, mlango wa kupitia ni mwembamba, na maji yakipwa chombo kikubwa kinabaki nje kikiusubiri mwezi. Hakuna mvuvi wa hapa anayemsifu mtu kwa kuwa na chombo kizito. Anauliza kitapita mlangoni saa ngapi.

Swali hilo la mvuvi ndilo swali lililowashinda waundaji wa vifaru vizito, na ndilo swali ambalo gemu halimuulizi mchezaji. Lau lingelimuuliza, kabla ya kila pambano, utavuka wapi na nani atakuletea mafuta, lingekuwa gemu gumu zaidi, na pengine wachezaji wake wangepungua. Lakini kijana angelisimama mbele ya IS-7 na mizinga yake yote, akafanya hesabu, akachagua kifaru kidogo. Angelifika peke yake pale walipofika Warusi mwaka 1949.